Presha ya Mama Rogers

Kila Alhamisi jioni, nesi Yasmini akitoka zamu hupita kwa Mama Rogers, nyumba ya tatu kutoka kileleni kule Wazo, kumpima presha. Alhamisi hiyo ya Februari Mama Rogers alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi, beseni miguuni. Alinyoosha mkono wa kushoto afungwe kitambaa cha kipimo, na kisu akabaki nacho mkono wa kulia, kuonyesha kwamba kazi imesimama tu, haijaisha.

Yasmini alibonyeza mpira. Mshale ukapanda, ukapita namba za kawaida, ukapita namba za kutisha, ukafika mwisho wa namba zote na kutulia hapo. Wakati huohuo bomba la uani, ambalo lilikuwa kavu tangu siku lilipowekwa, likakohoa, likatema kutu, likaanza kutoa maji.

"Bomba lako linatoka maji," alisema Yasmini.

"Naliona," alisema Mama Rogers. "Nisogezee hiyo ndoo."

Yasmini aliisogeza ndoo, kisha akamkumbusha apunguze chumvi.

Maji ya mtaa ule hutoka kwenye kisima kilichochimbwa bondeni, karibu na barabara ya malori ya kokoto. Kamati ya maji ilinunua pampu ndogo kwa michango ya wananchi, na pampu ilijitahidi kama inavyojitahidi pampu ndogo. Waliokaa chini walipata maji. Waliokaa katikati walipata kwa bahati. Waliokaa juu walikuwa na mabomba mazuri ya kuanikia matambara. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Khalfani, mwenyeji wa Kunduchi tangu enzi za babu zake, alikuwa na jibu moja kwa kila mkutano: maji yapo, kinachokosekana ni presha. Baada ya Alhamisi ile hakuwa na haja ya kulirudia.

Neno lenyewe lililetwa na Waingereza, na walipoondoka hawakulibeba. Kila mwenye kazi yake akajichukulia. Yasmini ana presha yake ya kufunga mkononi. Kondo, fundi wa kuziba pancha pale kona, anayo ya matairi, anaipima kwa geji. Kocha wa timu ya mtaa husema vijana wanashindwa kuhimili presha kila wanapofungwa, yaani kila Jumapili. Marietha, jirani wa Mama Rogers anayeuza maharage ya kuchemsha, anayo ndani ya sufuria yenye filimbi. Na Gozbert, mwalimu wa fizikia aliyepanga chumba cha uani kwa Mama Rogers, anaifundisha kidato cha pili kwa jina la kanieneo, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumshukuru.

Siku ya pili yake wote hao walikuwa uani kwa Mama Rogers na ndoo zao, na kwa kuwa foleni huzaa mazungumzo, wakaanza kubishana suala lile ni la nani. Yasmini alisema ni la hospitali, maana kipimo kilichofika mwisho ni chake. Kondo alikwenda kijiweni kwake akarudi na geji na kipande cha mpira, akaifunga kwenye bomba, akasoma, akapiga mluzi.

"Hii inajaza lori," alisema. "Tena lori la kokoto, na tela lake."

"Basi ni la mafundi," alisema Marietha.

"Ni la mtu mzima mwenye mawazo," alisema Yasmini. "Mtaalamu wa matairi utamwandikia dawa gani?"

Gozbert, ambaye hajawahi kuona ubishi akaupita, aliokota kipande cha mkaa akaandika kwenye ukuta wa choo: kani gawanya kwa eneo. Akawaeleza kwamba wanagombana bure, kwa sababu ya damu, ya tairi, ya sufuria na ya bomba ni kitu kilekile. Kuna kitu kimebanwa mahali, kinasukuma kila upande, kinatafuta pa kutokea. Tofauti ni chombo tu.

Mama Rogers alikuwa anaosha ndizi zake. Akainua kichwa.

"Sasa mie, mwalimu, nimebanwa na nini?"

Gozbert alisema hajui, ila atachunguza. Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepewa zawadi. Ni kijana mzuri, Gozbert, lakini ana tabia hiyo ya wasomi, ya kusikia maumivu ya mtu yakamjia kama swali la mtihani.

Mtaa ulizoea upesi. Kondo akawa anaegesha bajaji za wateja ubavuni mwa ukuta wa Mama Rogers, asubuhi anazikuta zimejaa upepo sawasawa. Sufuria ya Marietha ilipiga filimbi juu ya meza, haijawashiwa moto, na maharage yakawa laini kuliko ya siku zote. Kamati iliunganisha mpira mnene kutoka uani mwa Mama Rogers hadi kwenye tangi la kileleni, na kutoka hapo maji yakashuka kwa kila nyumba. Watoto wa juu walinenepa kidogo. Nguo zilifuliwa hata ambazo hazikuwa chafu. Mwenye nyumba ya mwisho kabisa kule juu, bwana mmoja ambaye hakuwahi kuchangia mradi, alianza kusema kwamba huenda sasa akaweka bomba.

Yasmini alisema kwa mujibu wa vitabu mtu mwenye kipimo kile alitakiwa awe ameshakufa. Mama Rogers alisema hana nafasi. Akameza vidonge vyake, na vikimkolea maji yalipungua kidogo kule juu, kwa hiyo majirani wakawa wanapita kumuuliza kwa upole, "Mama Rogers, umekunywa dawa leo?" Naye hakujua wanataka ajibu ndiyo au hapana.

Kilichombana walikijua watu wawili tu, na mmoja wao ni mwanawe.

Mama Rogers, jina lake la ubatizo Filomena, alizaa wawili. Rogers ni wa kwanza, ndiyo maana mama anaitwa kwa jina lake, ana duka la vifaa vya umeme Tegeta. Wa pili ni Loveness. Loveness alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akipelekwa na wakala mwenye ofisi ghorofani pale Mwenge, ofisi yenye kiyoyozi na picha ya ndege ukutani. Mwezi wa kumi na moja mtu asiyemjua alimpigia Rogers kutoka huko, akasema dada yako alianguka. Mtu wa pili akasema aliugua. Alipouliza amelazwa wapi, akaambiwa ameshazikwa. Wakala alisikitika sana na kusema suala hilo liko juu ya uwezo wa ofisi yake, kisha akaomba radhi kidogo, kuna wasichana walikuwa wanasubiri kupigwa picha za pasi.

Mtu mwenye presha haambiwi habari mbaya. Hilo Dar es Salaam hakuna asiyelijua, ni adabu kama ilivyo kumwamkia mkubwa. Redio huzimwa saa ya matangazo ya vifo. Mgonjwa akipoteza ndugu huambiwa ndugu anaumwa kidogo, kesho anaumwa zaidi, keshokutwa wanafika wazee wawili na mchungaji. Rogers alikusudia kufuata njia hiyo. Alimwambia Mzee Khalfani peke yake, kwa sababu mtu hawezi kubeba jambo kama lile asimwambie mzee yeyote, na wakakubaliana kwamba mama ataambiwa presha ikishuka. Presha haikushuka. Sikukuu ya Krismasi ikapita. Halafu yakaja maji.

Gozbert hakuyajua hayo. Alichokuwa nacho ni geji ya Kondo pale bombani, dirisha linalotazama uani, na likizo fupi ya shule. Alianza na chumvi. Alimwomba Mama Rogers ale samaki wa chumvi, akala, mshale haukutikisika. Akajaribu jua, akamkalisha juani na kumtoa juani. Akajaribu hasira, akachelewesha kodi makusudi, na Mama Rogers akamtukana vizuri sana kwa Kihaya, lugha ambayo Gozbert naye kazaliwa nayo, hivyo hakupoteza hata neno moja. Mshale ukashuka. Mama Rogers alilala usingizi mzuri siku hiyo, na watu wa juu wakalalamika.

Jumapili Rogers alikuja baada ya ibada, amebeba mkate. Mama akamwuliza, kama anavyomwuliza siku zote, "Loveness kakutafuta?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu sana."

Mshale uliruka kama umechomwa. Kule kileleni tangi likafurika, mtu akapiga kelele za shangwe.

Gozbert aliweka kikombe chake cha chai chini. Wiki ile yote alisikiliza kuliko alivyotazama. Mzee Khalfani alipita akasema, "Binti yetu hajambo huko?" na Mama Rogers akajibu, "Wanasema hajambo," na mshale ukaruka. Mpita njia asiyejua lolote akauliza hivyohivyo, mshale haukuruka. Ukisimama mbele ya jambo kama hilo na wewe ni mwalimu wa fizikia, unaijua raha ya kuona namba zinakubaliana, na Gozbert aliipata raha hiyo muda wote wa kuteremka mlima hadi Tegeta, mpaka aliposimama dukani kwa Rogers, kati ya nyaya na balbu, akamwuliza. Rogers akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akamweleza. Akalia. Gozbert alirudi kwa miguu, na raha haikuwepo tena.

Alimkuta Mama Rogers anafagia.

"Umetoka kwa Rogers," alisema Mama Rogers.

"Ndiyo, mama."

"Amelia?"

Mama Rogers alimalizia kufagia kona aliyokuwa nayo, akakaa.

"Rogers toka azaliwe hajawahi kunibebea ndoo," alisema. "Sasa ananisindikiza mpaka mlango wa choo. Mkate kila Jumapili. Alikuwaga anagombana na dada yake kwenye simu mpaka majirani wanatoka nje, siku hizi anamsifia. Na hizo meseji zinazokuja eti zake, zinaanza na shikamoo mama. Loveness ananiitaga bibie. Mie mtoto wangu simjui?"

"Mama..."

"Usiseme bado. Nikwambie kwanza. Mie nimejua siku ileile. Nilikuwa nachambua mchele, kitu kikaingia hapa," akaonyesha chini ya titi, "kikakaa. Tangu hapo hakijatoka."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama Rogers alimtazama kama yeye mwalimu anavyowatazama wanafunzi wake.

"Mama mzazi anajitangazia kifo cha mwanawe? Nani kamletea habari? Nikisema mie kabla ya kuambiwa, si nimemzulia mtoto wangu kifo? Na kama yu hai nitakuwa nimemuua kwa mdomo. Msiba unaletwa, mwalimu. Watu wanakuja, wanakaa, mmoja anakohoa, anasema. Ndiyo unaanguka chini, unalia, wanakushika. Wanatandika majamvi, wanapika, wanaimba. Sasa mie nitalilia wapi? Nimekaa na msiba tumboni, sijaruhusiwa kuutoa."

Gozbert aliona vizuri jinsi kitu kilivyobanwa na jinsi kilivyokuwa kinasukuma kila upande. Angeweza kusema palepale. Lakini yeye ni mpangaji, kijana, si ndugu wa damu, na habari ya namna ile ina watu wake wa kuileta. Alisema atazungumza na wakubwa. Mama Rogers akasema, "Haya, mwanangu," na akamshukuru, jambo ambalo lilimuumiza Gozbert kuliko matusi ya kodi.

Mzee Khalfani alimpokea barazani kwake, akamkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, Mzee Khalfani. Hajawahi kula hata senti ya kamati, na kwa cheo kile hiyo ni habari.

"Akiambiwa akaanguka asiinuke?" aliuliza. "Utamjibu nini Mungu?"

"Ukubwa wako nauheshimu, mzee, lakini anajua tayari."

"Anahisi. Kuhisi si kujua." Akanywa kahawa. "Na hata akiinuka. Akishalia, kikitoka hicho kitu, huku juu kuna kaya mia na kitu. Kuna wazazi. Kuna watoto wachanga. Wewe mwenyewe unaoga mara ngapi?"

Gozbert alikuwa anaoga mara mbili.

"Sikatai aambiwe," alisema Mzee Khalfani. "Ataambiwa. Pampu kubwa ikinunuliwa."

Alisema sababu zote mbili kwa sauti ileile ya huruma, na zote mbili alizisema kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililomkosesha Gozbert la kujibu, maana unafiki angeujibu. Akaagana naye, na kwa siku kadhaa alibeba mdomoni sentensi aliyoitengeneza vizuri, akaipitia akiwa anaoga.

Jumamosi Marietha, yule wa maharage, aliwaalika majirani kumuaga binti yake Clara. Clara alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani miaka miwili, na sasa alikuwa amepata safari. Yule wakala wa Mwenge alikuwa ameshughulikia kila kitu. Sala ilifanyika uani kwa Mama Rogers kwa kuwa ndipo penye nafasi, na vilevile kwa kuwa watu walikuwepo tayari na ndoo zao. Begi jekundu jipya lilisimamishwa kando ya bomba. Bajaji ilisubiri nje, matairi yamejaa. Mzee Khalfani alikuwepo, na Rogers alikuwepo na shati lake la kanisani.

Mchungaji aliomba. Kisha Clara, amesukwa vizuri, ananukia mafuta mapya, akaanza kupita kwa wakubwa mmoja mmoja kuaga. Alipofika kwa Mama Rogers akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Ndo naondoka."

Mama Rogers aliweka mikono juu ya kichwa chake.

"Marahaba," alisema. "Usiende, mwanangu."

Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka pale mtu mzima anaposema maneno ya kumwonea mtoto uchungu. Mama Rogers hakuondoa mikono. "Usiende," alisema tena. "Kaa hapa umsaidie mama yako maharage."

Marietha hakucheka. Alikuwa ameuza kiwanja cha urithi kwa ajili ya safari ile.

"Mama Rogers, jamani," alisema. "Kwako wewe ilifaa, kwangu mie isifae? Si Loveness yuko hukohuko? Si ndo huyohuyo wakala kampeleka? Mbona anaendelea vizuri?"

"Anaendelea vizuri?" aliuliza Mama Rogers.

"Si wewe unasemaga!"

"Mie nasema ninachoambiwa." Mama Rogers akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Rogers. Mwambie Mama Clara. Dada yako hajambo?"

Uani yakasikika maji tu. Rogers alimtazama Clara pale chini, akatazama begi jekundu.

"Hajambo, mama," alisema Rogers.

Mshale wa geji ukaenda mwisho ukagonga.

"Mzee Khalfani?"

"Tunamshukuru Mungu," alisema Mzee Khalfani, akiangalia kofia yake.

Kioo cha geji kikapasuka.

"Mwalimu?"

Gozbert alikuwa na sentensi yake. Ilikuwa fupi, yenye adabu, na ilikuwa imefika kwenye meno. Aliona macho ya Mama Rogers, makavu, yanamngoja kama mlango ulioachwa wazi. Aliona Marietha amemshika binti yake bega. Aliona foleni yote ya ndoo, na akina mama wamebeba watoto mgongoni, na wote walikuwa wanamtazama yeye wakitaka tu jambo hili dogo liishe watu waendelee. Ilikuwa rahisi kusema. Ilikuwa aibu kubwa mno kusema, mbele ya watu, mbele ya mchungaji, kwamba wamekuwa wakioga kwa kitu gani.

"Hajambo," alisema Gozbert.

Kule kileleni maji yalitoka kwa yule bwana ambaye hakuwahi kuweka bomba. Yalitokea ukutani, juu kidogo ya televisheni, safi kabisa, naye akaita watu wa nyumbani walete vyombo.

Mama Rogers aliondoa mikono yake kichwani kwa Clara. Akamfuta kitu begani, labda hakikuwepo.

"Basi wamesema," alisema. "Nenda salama, mwanangu. Ukifika upige simu. Upige wewe mwenyewe."

Clara alisema atapiga. Rogers alibeba begi mpaka kwenye bajaji, mbio, asimtazame mtu. Mchungaji akaaga. Gozbert aliingia chumbani kwake akafunga dirisha, na kwa muda fulani hakutaka kujua kitu chochote.

Marietha alimsindikiza binti yake hadi barabara ya malori, akasimama pale mpaka vumbi likatulia. Kisha akapanda mlima taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaichukua ndoo yake ilipokuwa na kusimama kwenye foleni. Maji yalikuwa mengi siku ile, na zamu yake ilifika upesi.